Amplifaya Ilipopoa

Mtu aliyeishi miaka mingi na amplifaya ya valvu huijua kwa kiganja kabla ya sikio. Huiwasha, hungoja nusu dakika mpaka nyuzi zilizomo ndani ya vioo ziwe nyekundu kama makaa, kisha hupitisha mkono juu yake kuona kama zote zinatoa joto. Siku anapoiuza na kuleta ya transista, kitu cha kwanza kumtatanisha ni ule wepesi wake: unabonyeza swichi, muziki unaanza papo hapo, na sanduku limekaa baridi, halina mwanga ila kitaa kimoja cha kijani. Anakaa kwenye kiti chake cha kila siku, anaweka santuri anayoijua nje ndani. Kesho yake anachomsimulia rafiki hufanana ajabu na wanachosimulia wengine wote waliopita njia hiyo. Besi imekaza lakini imekuwa kavu. Ngoma inapiga na kunyamaza hapo hapo. Mwimbaji, hata hivyo, amerudi nyuma hatua mbili, na chumba ni kama kimepungua hewa.

Hukumu huja haraka: valvu ina roho, transista ni mashine tu. Nimeisikia mara nyingi, na sidhani kama wanaoitoa wanadanganywa na masikio yao. Tofauti wameisikia kweli. Wanapokosea ni katika kumtaja mshtakiwa. Sehemu kubwa ya walichosikia inatokana na transfoma iliyoondoka pamoja na valvu, na namna amplifaya mpya inavyoishika spika, na kitufe cha sauti ambacho hakikurudishwa pale pale kilipokuwa jana. Ili hayo yaonekane, lazima tuingie ndani ya sanduku.

Valvu ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Katikati yake mna kathodi, kijibomba cha chuma kinachopashwa moto hadi elektroni zitoke juu yake kama mvuke juu ya sufuria. Kuizunguka kathodi kuna wavu wa waya mwembamba uitwao gridi, na nje kabisa kuna anodi, bamba lenye volti nyingi chanya linalozivuta elektroni zile. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyeuweka wavu huo mwaka 1906, na kazi yake ni ya lango la mfereji shambani: mkono mmoja unalisogeza kidogo, maji mengi yanapita au yanazuiwa. Volti ndogo kutoka kwenye santuri inaigusa gridi. Mkondo mkubwa unaokwenda anodi unaifuata.

Lakini "mkubwa" hapa ni kwa kipimo cha valvu. Chukua EL34, valvu ya Ulaya ambayo ilijaa katika amplifaya nzuri za miaka ya 1950. Hufanya kazi kwenye volti 400 hivi, na mkondo unaopita ndani yake ni sehemu ndogo tu ya ampea moja. Spika nayo ina tabia ya kinyume kabisa. Spika ya omu 8, ikipewa wati 30, inataka volti 15 na ushei tu, ila inataka ampea karibu 2. Mmoja ana volti tele na mkondo haba, mwenzake anataka mkondo tele na volti chache. Hawawezi kuzungumza bila mkalimani.

Mkalimani huyo ni transfoma ya kutolea sauti, lile bonge zito la chuma na shaba linaloifanya amplifaya ya valvu ibebwe kwa mikono miwili. EL34 mbili zinazofanya kazi pamoja hupenda kuona mbele yake ukinzani wa omu 6,600 hivi, wakati spika ina omu 8. Ukigawanya utapata 825, na kwa kuwa transfoma hubadili ukinzani kwa mraba wa mizunguko yake, inahitaji mizunguko 29 ya waya upande wa valvu kwa kila mzunguko mmoja upande wa spika. Kwenye karatasi ni hesabu ya shule. Kwenye chuma ni kazi ya miezi. Ili besi ya hezi 20 ipite, inahitaji chuma kingi na mizunguko maelfu. Ili sauti nyembamba za hezi 20,000 zipite, mizunguko iwe michache na imekaribiana sana. Wasukaji wa transfoma waliyapatanisha mahitaji hayo kwa kuzigawa nyaya katika tabaka na kuzipishanisha, za upande huu katikati ya za upande ule, na bei ikapanda kwa kila tabaka. Katika amplifaya ya valvu, kipande kinachoamua ubora mara nyingi hakiwaki wala hakionekani. Ajabu ni kwamba wapenzi wa valvu hubishana usiku kucha juu ya chapa za vioo, na transfoma haitajwi.

Mwaka 1947 ulizaa watoto wawili wasiojuana. Katika majira ya machipuko, gazeti la Wireless World la Uingereza lilichapisha mchoro wa mhandisi D.T.N. Williamson: amplifaya ya wati 15, yenye valvu mbili za KT66 upande wa kutoa, ambayo upotoshaji wake haukuzidi sehemu moja kwa elfu. Siri yake ilikuwa mrejesho. Sehemu ya ishara inayokwenda kwenye spika inarudishwa mlangoni ikiwa imegeuzwa kinyume, ili chochote ambacho amplifaya imekiongeza bila kutumwa kirudi kujifuta chenyewe. Ila mrejesho una sharti: lazima ufike kwa wakati. Transfoma huvuruga wakati huo, hasa kwenye miisho ya juu na ya chini, na mrejesho usiofika kwa wakati badala ya kutuliza huchochea, amplifaya ikaanza kupiga mluzi yenyewe. Williamson aliweza kurejesha kiasi kikubwa kwa sababu alidai transfoma ambayo wasukaji wengi hawakuwa wamezoea kuisuka. Mafundi wa dunia nzima wakaunda amplifaya hiyo nyumbani, na kwa miaka kumi ikawa ndiyo kipimo.

Desemba ya mwaka huo huo, katika maabara za Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain walikifanya kipande cha jemaniamu kikuze ishara ya umeme. Hakikuwa na kioo, moto wala utupu. Pamoja na William Shockley walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Na transista, ilipofikia kubeba nguvu, ilikuwa na tabia ya spika: volti chache, mkondo mwingi. Mkalimani hakuhitajika tena.

Basi kwa nini ilichukua karibu miaka ishirini kuingia sebuleni, na kwa nini ilipoingia ikaudhi watu?

Kwa sababu transista za mwanzo zilistahili kulaumiwa. Jemaniamu haipendi joto. Ikipata moto hupitisha mkondo zaidi. Mkondo zaidi huleta joto zaidi. Mzunguko huo usipokatwa, transista hujiua ndani ya sekunde chache. Valvu inavumilia dhuluma. Unaweza kuiona anodi yake ikigeuka nyekundu, ukazima, na kesho ikaendelea. Transista ya mwaka 1962 haikuwa na onyo: nyaya mbili za spika zikigusana mara moja, imekwisha.

Kosa lililoumiza masikio, hata hivyo, lilikuwa jingine. Fikiria wapasua mbao wawili kwenye msumeno mrefu, mmoja kila upande. Huyu anavuta, kisha yule anavuta. Hivyo ndivyo amplifaya nyingi zinavyofanya kazi, za valvu na za transista pia: nusu moja inabeba mawimbi ya juu ya sifuri, nusu ya pili inabeba ya chini. Wapasuaji wazuri hawauachi msumeno; anayepumzika anaendelea kuushika kwa vidole ili mwenzake apokee bila mtikisiko. Kwenye umeme, ushikaji huo unaitwa bayasi, mkondo mdogo unaopita hata pasipo na muziki. Wahandisi wa mwanzo, kwa kuogopa joto, waliupunguza mno. Transista ya silikoni, iliyokuja kuchukua nafasi ya jemaniamu, haianzi kupitisha chochote kabla ya kupata volti 0.6 hivi, kwa hiyo pale katikati, mmoja akiachia na mwingine hajashika, msumeno ulikwama. Kila wimbi, kila mara lilipovuka sifuri, lilipata mkato mdogo.

Sikiliza matokeo yake. Mkato ule una ukubwa ule ule, muziki uwe juu au chini. Ukifungulia sauti sana, mawimbi ni makubwa na mkato unapotea ndani yake kama punje ya mchanga kwenye gunia. Ukipunguza, saa nne za usiku, watoto wamelala, mawimbi yanakuwa madogo na punje ile inageuka jiwe. Yaani amplifaya iliharibika zaidi pale hasa watu wanaposikiliza kwa makini. Na upotoshaji wa aina hiyo hutoa harmoniki, yaani milio ya ziada juu ya noti, tena za juu, za saba na tisa na kuendelea, ambazo hazina undugu wa karibu na noti iliyopigwa. Sikio linazisikia kama mchanga katikati ya meno.

Vipimo vya kiwandani havikuona kitu. Desturi ilikuwa kupima kwenye nguvu kamili, kwa sauti moja ya hezi 1,000, na kwenye nguvu kamili mkato hauonekani. Karatasi ya mauzo ilisema amplifaya mpya ni safi kuliko ya zamani. Mnunuzi akaisikiliza nyumbani na kuona kinyume. Nadhani hapa ndipo ubishi wote ulipozaliwa, na ndipo wengi walipojifunza kutoviamini vipimo. Kipimo hakikusema uongo. Kilijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Watu walihama hata hivyo, tena kwa wingi, na sababu zao hazikuwa za sauti. Santuri za stereo zilianza kuuzwa mwaka 1958, na stereo ilimaanisha kila kitu mara mbili: transfoma mbili nzito, valvu mara mbili, joto mara mbili, yote katika kabati lile lile. Miaka minne kabla ya hapo, Edgar Villchur wa kampuni ya Acoustic Research alikuwa ameonyesha kwa spika yake ya AR-1 kwamba besi nzito inaweza kutoka katika sanduku dogo lililozibwa, ila kwa gharama ya kumeza wati. Hesabu yake ni kali kuliko watu wanavyodhani. Klipschorn, spika kubwa ya pembeni mwa chumba iliyoanza kutengenezwa Marekani miaka ya 1940, hutoa karibu desibeli 104 kwa wati 1. Spika ndogo ya rafuni hutoa 87 au chini ya hapo. Pengo ni desibeli 17, na desibeli 17 ni mara hamsini. Muziki ulioridhika na wati 1 kwenye Klipschorn unadai wati 50 kwenye kisanduku. Wati 50 za valvu, mara mbili kwa stereo, zilikuwa mali ya matajiri. Za transista zikaendelea kushuka bei mwaka hadi mwaka.

Majina yenyewe yanaonyesha mwendo huo. Leak ya London, iliyojijengea heshima kwa amplifaya za valvu, ilitoa Stereo 30 ya transista mwaka 1963. Dynaco ya Philadelphia, ambayo Stereo 70 yake ya mwaka 1959 iliwafikishia EL34 watu wa kipato cha kawaida, ilitoa Stereo 120 ya transista mwaka 1966. Peter Walker wa Quad, mtu wa Huntingdon asiyekimbilia mitindo, aliishikilia Quad II yake ya valvu tangu 1953 hadi transista za silikoni zilipokomaa. 303 yake ikaja mwaka 1967, na haikuwa na aibu yoyote.

Huku kwetu mabadiliko hayo hayakuja kwa mlango wa amplifaya. Yalikuja kwa redio na betri. Redio ya valvu ilitaka umeme wa ukutani au furushi la betri kubwa za bei, kwa hiyo ilikuwa chombo cha ofisi, cha misheni, cha tajiri mwenye duka. Transista ndiyo iliyoipeleka redio shambani na chomboni, na kwa msikilizaji wa mwambao wa miaka ya 1960 hapakuwa na cha kuombolezea. Majonzi ya valvu ni ya watu waliokuwa na stima ya kutosha.

Sasa turudi kwa yule wetu aliyehama jana. Amplifaya aliyonunua haina mkato wa mwaka 1963. Tatizo hilo lilimalizwa zamani. Kwa nini basi mwimbaji amerudi nyuma?

Kila amplifaya ina ukinzani wake wa ndani, unaokaa kati yake na spika. Katika transista ya kawaida ni mdogo sana, tuseme omu 0.1. Katika amplifaya ya valvu yenye mrejesho mdogo, au isiyo nao kabisa kama zile za valvu moja zinazopendwa sana Japani, unaweza kufika omu 2 au zaidi. Nayo spika inayoandikwa "omu 8" haina omu 8 isipokuwa kwa jina. Inacheza. Katika sehemu fulani ya sauti inashuka hadi 6. Kwenye mlio wake wa asili wa besi, na mara nyingi tena pale wufa, koni ya besi, inapoikabidhi kazi twita ya sauti nyembamba, inapanda hadi 30.

Fanya hesabu. Kwa ukinzani wa ndani wa omu 2, spika ikiwa kwenye omu 6 inapata robo tatu ya volti, pungufu ya desibeli 2.5. Ikiwa kwenye omu 30 inapata karibu zote, pungufu ya nusu desibeli tu. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ni karibu desibeli 2. Maana yake ni kwamba amplifaya ile ilikuwa inanyanyua besi ya juu kidogo, na kunyanyua eneo la hezi elfu moja hadi elfu tatu, ambamo maneno ya mwimbaji hukaa. Rudia hesabu kwa omu 0.1 utapata tofauti ya sehemu moja ya kumi ya desibeli, ambayo hakuna sikio litakaloijua. Transista haikumrudisha mwimbaji nyuma. Ilimwacha alipowekwa na waliorekodi, na valvu ndiyo iliyokuwa inamleta mbele, kwa mchoro uliochorwa na spika yenyewe. Ndiyo maana valvu ile ile kwa jirani mwenye spika nyingine ilisikika kama chombo kingine.

Besi kavu ina asili hiyo hiyo. Koni ya wufa ni uzito uliofungwa kwenye springi. Ikisukumwa hutaka kuendelea kuyumba. Mwendo wake unazalisha umeme unaorudi kwenye amplifaya, na amplifaya yenye ukinzani mdogo inaufunga umeme huo kama breki. Yenye ukinzani mkubwa inaiachia koni iyumbe kidogo zaidi. Mwenye chumba kidogo chenye mwangwi ataishukuru breki. Mwenye spika ambayo mtengenezaji wake aliitegea valvu ataona besi imekatwa mkia, na atakuwa na haki.

Si kila valvu iko hivyo, na hili husahauliwa. Ya Williamson, ya Quad, ya McIntosh, zote zina mrejesho wa kutosha na ukinzani wa chini. Mwaka 1978 Quad iliandaa jaribio la kusikiliza bila kuona: Quad II ya valvu, 303, na 405 iliyokuwa mpya wakati huo, zote kwa sauti iliyosawazishwa na bila kufikishwa mwisho wa nguvu zake. Wasikilizaji wenye uzoefu hawakuweza kuzitenganisha. Kiwanda kimoja, miaka zaidi ya ishirini kati ya ya kwanza na ya mwisho, na masikio hayakujua ipi ni ipi.

"Bila kufikishwa mwisho wa nguvu" ni masharti yenye uzito, kwa sababu hapo ndipo valvu na transista zinapoachana kweli. Transista, hasa yenye mrejesho mwingi, ni safi hadi ukutani, kisha kichwa cha wimbi kinakatwa bapa kama kwa panga. Kingo zile kali ni harmoniki za juu tupu. Valvu nyingi huanza kujikunja mapema. Wimbi linaviringika bega kabla ya kukatwa, na kinachoongezeka zaidi ni harmoniki ya pili, ambayo ni oktava ya noti yenyewe, na ya tatu, ambayo ni oktava na kwinti. Zote ni jamaa wa nyumbani. Sikio husema sauti imenenepa, halisemi imeharibika. Russell Hamm aliandika juu ya jambo hili mwaka 1973, akiwaelezea watu wa studio kwa nini vikuzaji vya maikrofoni vya valvu vilisikika vikubwa zaidi vinapozidiwa. Msemo wa vijiweni kwamba wati moja ya valvu ni sawa na mbili za transista umetoka hapa. Wati ni wati. Ila mwenye valvu ya wati 15 anaweza kuvuka mpaka kila siku bila kujua kwamba amevuka, wakati mwenye transista ya wati 15 anajulishwa kwa kelele. Kwa hiyo anayehama asihesabu wati kwa wati. Anunue mara tatu au nne ya alizokuwa nazo, na siku hizi si ghali.

Kuna mtu mmoja aliyetaka kumaliza ubishi kwa bisibisi. Mwaka 1985 mhandisi Bob Carver aliliambia gazeti la Stereophile la Santa Fe, Marekani, kwamba anaweza kuifanya transista yake isikike sawa na amplifaya yoyote watakayoichagua. Wakamletea ya valvu, ya gharama kubwa, wala hawakuitaja jina gazetini. Akajifungia nayo katika chumba cha hoteli. Mbinu yake ilikuwa ya kufuta: amplifaya zote mbili zinapewa muziki mmoja, na spika inaunganishwa kati ya ncha zake mbili za moto. Zikilingana kabisa, spika inanyamaza. Kinachosikika ndicho tofauti, peke yake, bila muziki wa kujificha nyuma yake. Carver akaanza kurekebisha: akaipandishia ukinzani wa ndani, akaikunja kidogo mabega, mpaka tofauti ikashuka karibu desibeli 70 chini ya muziki. Wahariri waliosikiliza wakakiri kwamba hawawezi kuzitofautisha. Toleo la kiwandani lilipokuja kupimwa baadaye ubishi ulifufuka, kama ilivyotarajiwa. Lakini angalia alichogusa Carver katika chumba kile. Hakuongeza kioo wala moto. Alipandisha ukinzani.

Yapo mambo ya nyumbani ambayo vitabu huyapita, na anayehama ni vyema ayajue kwa sababu hatari zinageuka upande. Amplifaya ya valvu isiachwe kamwe ikicheza bila spika: nguvu iliyomo ndani ya transfoma, ikikosa pa kwenda, inaweza kuruka cheche na kuiunguza. Ya transista haijali kukosa spika, lakini nyaya zikigusana inaweza kufa. Mtu wa valvu amezoea kuchomeka spika kwanza na kuogopa uwazi. Sasa ajifunze kuogopa mgusano. Tena, transista ya kutolea sauti ikifa, mara nyingi hufa imefunga, ikapeleka umeme wa moja kwa moja kwenye wufa hadi koili inaungua. Transfoma ya zamani, pamoja na lawama zake zote, haikupitisha umeme wa namna hiyo. Wazee waliounguliwa na spika na kutuonya dhidi ya transista hawakuwa wakisimulia hadithi. Mashine za leo zenye relei ya ulinzi, ile inayosikika "tak" sekunde chache baada ya kuwasha, zimejibu hoja yao.

Na ukiifungua ile ya valvu ili uiuze au uihifadhi, kumbuka kapasita zake hushikilia volti mia kadhaa hata baada ya plagi kuchomolewa. Mpe fundi aliyewahi kuzigusa.

Joto nalo lina bei. Stereo 70 ya Dynaco, kwa valvu zake nne za EL34, inatumia wati 38 hivi kwa kupasha nyuzi tu, na kwa jumla inavuka wati 100 kabla hujagusa santuri. Saa nne kila jioni ni karibu nusu yuniti ya umeme, yote ikiishia hewani. Huko Uswidi Januari ni neema. Dar es Salaam Februari, feni ikiwa juu, ni kulipia joto kwa mkono huu na kulifukuza kwa mkono ule. Valvu zenyewe za kutolea sauti huchoka baada ya saa elfu chache, na siku hizi viwanda vikubwa vinavyozitengeneza vinahesabika kwa vidole, katika Urusi, Slovakia na China. Machi 2022, vita vya Ukraine vilipozuia kwa muda mzigo wa kutoka Urusi, bei zilipaa ndani ya siku chache.

Wapiga gitaa wengi hawakuhama, na hawana sababu. Kwao kukunjika kwa wimbi ni sehemu ya ala. Ukiondoa valvu inayozidiwa, umeondoa nusu ya mlio wa gitaa la umeme. Aliyekaa sebuleni ana kazi tofauti, kusikiliza ala ambazo zimekwisha kupigwa.

Kama bado huniamini juu ya ukinzani, jaribio lake ni la bei ya soda. Nenda duka la vipuri vya redio, Kariakoo jijini Dar es Salaam au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, uombe rezista mbili nyeupe za kauri, omu 2.2, wati 10. Zima amplifaya yako ya transista, kisha unganisha moja katika waya wa chanya wa kila spika, ukihakikisha hakuna ncha inayogusa ncha. Washa, pandisha sauti kidogo kufidia kilichopotea, cheza kwa kiwango cha kawaida cha nyumbani, na usiziguse rezista kwani zitapata moto. Weka santuri ile ile. Halafu kaa kwenye kiti chako, umsikilize mwimbaji amesimama wapi.